Masuali ya wasomaji: Bastola ndani ya gari, na sie tulio wageni kwa watu

Safari hii nimechagua barua tatu tu na ukurasa wote nimezipa hizo, kwa sababu zinazungumza jambo moja na watoto wetu wengi washahamia Marekani, kule bastola inauzwa dukani mchana kweupe na mtu anatoka nayo anaitia garini anakwenda zake. Hapa Unguja na Pemba raia wa kawaida hakui na kitu hicho kwao, kwa hivyo akifika kule anajifunza kwa rafiki zake, na rafiki zake nao wamejifunza kwa rafiki zao.

SUALI: Asalaam aleikum ami. Mie kijana wa Michenzani lakini sasa nnaishi Columbus, Ohio, nilipata grini kadi kwa ile bahati nasibu, nna miaka 27. Usiku nafanya kazi ghalani na wikiendi naendesha Uber. Juzi juzi nlisimama sheli kutia mafuta saa nane za usiku wakanijia watu wawili na bastola wakachukua simu na waleti. Sasa na mie nimenunua bastola, nimeinunua dukani kihalali na fomu zote nimejaza. Niitie wapi ndani ya gari? Mmoja ananambia chini ya kiti, mmoja kwenye kidroo cha dashibodi, mwengine anasema buti. Na mwezi wa nane tuna harusi New Jersey tunakwenda kwa gari, naweza kwenda nayo?
Kijana wa Michenzani, Ohio

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, na alhamdulillahi umetoka mzima, simu na waleti vinarudi. Hofu uliyobaki nayo naifahamu na sitokwambia usiwe nayo. Ila umeniuliza pa kuitia na mie nataka nianzie nyuma kidogo, kwa sababu kwa mtu ambae si raia pahala pa kuitia ni suali la tatu au la nne huko, la kwanza ni wewe nani mbele ya sheria ya kule.

Sheria ya shirikisho, yaani ile ya nchi nzima, inamkataza kuwa na bunduki wala risasi mtu alieingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi awe mtalii, isipokuwa vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya uwindaji, na asie na karatasi kabisa ndo haruhusiwi hata chembe. Tangu 2022 adhabu yake inafika miaka 15 jela. Wewe wa grini kadi unaruhusiwa, hapo sawa. Lakini grini kadi si uraia, na hili ndilo nnalotaka ulishike kuliko yote ntakayokwambia: sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la kununua, kumiliki au kubeba bunduki kinyume na sheria, iwe sheria ya jimbo au ya shirikisho, anaweza kurudishwa kwao. Mwenzako aliezaliwa Columbus akikosea atalipa faini au atafungwa kisha atarudi kwa mama yake. Wewe ukimaliza kifungo unaweza kukuta watu wa uhamiaji wanakungoja mlangoni, na miaka yote ya kukesha ghalani imekwenda na maji.

Kwa hivyo likikutokea lolote (Mungu apishe mbali) usikubali kukiri mahakamani eti kesi ndogo iishe haraka, kwani kukiri nako kunahesabika kutiwa hatiani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 2010 kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asie raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Muulize wakili hilo kwa mdomo wako mwenyewe usingoje akumbuke.

Jambo jengine ambalo vijana hawaambiwi ni bangi. Ohio wameihalalisha kwa kura mwaka 2023 na maduka yapo, lakini sheria ya shirikisho bado inasema anaetumia bangi haruhusiwi kumiliki bunduki, na ile fomu uliyojaza dukani ina suali hilo hilo. Ukimchukua rafiki mwenye mambo yake garini na bastola imo humo humo, utakuwa na maelezo marefu ya kutoa pembezoni mwa barabara. Na pombe ndo usiseme, bastola na ulevi ndani ya gari ni kesi.

Sasa Ohio yenyewe. Tangu tarehe 13 Juni 2022 mtu wa miaka 21 na zaidi ambae sheria haimkatazi kumiliki anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila leseni, na ndani ya gari pia. Rafiki zako watakwambia basi leseni ya nini. Mie nakwambia ikate, mafunzo yake ni masaa 8 na maombi unapeleka kwa sherifu wa kaunti, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yao, na faida yake ni kubwa. Kuna sheria ya shirikisho ya maeneo ya skuli, inakataza bunduki ndani ya futi 1000 kutoka skuli, yaani kama mita 300, na anaesalimika ni mwenye leseni ya jimbo hilo hilo au anaeichukua haina risasi na imefungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli. Ruhusa ya jimbo ya kubeba bila leseni haiko kwenye msamaha huo. Hebu fikiri mwenyewe kutoka kwako mpaka ghalani unapita skuli ngapi, mjini huwezi kuzikwepa. Na leseni hiyo ndo itakayokusaidia ukivuka kwenda majimbo yanayoikubali.

Uber wikiendi, usiichukue. Kampuni ilipiga marufuku bunduki kwa dereva na abiria tangu 2015, na abiria akiiona tu akaripoti akaunti yako inafungwa na riziki imekatika. Siku za Uber bastola inabaki nyumbani ndani ya sefu, nukta. Na ghalani nako waulize kanuni zao za maegesho kabla hujaanza kwenda nayo.

Haya tuje pa kuitia. Chini ya kiti HAPANA. Gari ikifunga breki kitu kinateleza nyuma kwenye miguu ya watoto. Milwaukee mwaka 2016 mama mmoja alikuwa anaendesha gari barabara kuu, bastola ikateleza kutoka chini ya kiti, mtoto wake wa miaka miwili nyuma akaiokota ikalia, ikampiga mama mgongoni akafa pale pale kwenye usukani. Nimelisoma hilo na kila nikiona mtu anasukumiza bastola chini ya kiti namuona yule mtoto.

Kwenye dashibodi nako sipataki, na sababu yangu ni moja: humo ndo mnamotia kadi ya gari na bima. Trafiki akikusimamisha usiku akakwambia nipe karatasi, mkono wako unakwenda pale pale palipo bastola, na yeye yuko dirishani anakutazama. Karatasi zitie kwenye kile kikunjo cha kukingia jua juu ya kichwa chako na bastola ikae mbali nazo.

Pazuri ni kisefu kidogo cha chuma, vinauzwa kwa ajili hiyo hiyo, kinafungwa kwa waya mnene wa chuma kwenye fremu ya kiti au ndani ya buti, kinafunguka kwa namba au kwa ufunguo. Bastola iwe ndani ya ala yake ngumu iliyofunika triga yote. Watu wengine wanaibeba kiunoni wakiendesha, kwa sheria ya Ohio inawezekana, lakini mkanda wa kiti unaizonga na ukitaka kuitoa uiweke pengine ndo hapo unaanza kuichezea umekaa, na bastola nyingi zinazolia bila kukusudiwa zinalia wakati mtu anaishika shika, anatia risasi, anatoa risasi. Itayarishe nyumbani, ukishaingia garini usiiguse tena. Na kama utaihamisha kutoka kisefu cha mbele kwenda buti, fanya kabla hujafika unakokwenda, si unaegesha mbele ya duka watu wanakuangalia kisha unafungua buti unaficha kitu unaondoka. Umeshawaonesha.

Usiilaze garini. Magari ndo yanayoongoza kule kwa bunduki zinazoibwa, wezi wanapita usiku wanajaribu mlango mmoja mmoja, na gari yenye stika za kampuni za bunduki kwenye kioo wanaivunja hiyo kwanza, kwa hivyo bandua stika zote. California na Colorado wameshaweka sheria kwamba bastola ikiachwa kwenye gari isiyo na mtu lazima iwe imefungiwa na haionekani kwa nje, Colorado wameanza tarehe 1 Januari 2025. Namba iliyochongwa kwenye bastola iandike uitunze nyumbani, na ikiibwa Ohio inakutaka uripoti mara moja, na wewe ni kwa faida yako kwani ikipatikana kwenye mauaji kesho jina lako ndo la kwanza.

Ukisimamishwa na trafiki: egesha vizuri, washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono juu ya usukani vidole wazi, usianze kutafuta waleti wala simu. Ohio siku hizi hulazimiki kusema mwenyewe ila akikuuliza lazima useme kweli. Majimbo mengine kama Michigan mwenye leseni anatakiwa aseme mara tu akisimamishwa hata bila kuulizwa. Ukisema, sema taratibu, anza na leseni, "nna leseni ya kubeba na silaha iko kwenye kisanduku kilichofungwa buti, nifanye nini sasa?" kisha tulia ungoje. Mwaka 2016 kule Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi mwenye leseni, alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, sekunde chache baadae akapigwa risasi na mchumba wake na mtoto wamo garini, na yule askari mahakamani akaachiwa. Wewe nawe ni mweusi na una lafudhi. Sikutishi, nakwambia kilichopo, na hii ni sababu nyengine ya kutaka bastola ikae mbali na mkono wako.

New Jersey usiende nayo. Mama mmoja wa Philadelphia alikuwa na leseni ya Pennsylvania, mwaka 2013 akavuka mto kuingia New Jersey, akasimamishwa kwa kosa dogo la barabarani, akamwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola na leseni yake hii hapa. Akawekwa ndani, akakabiliwa na miaka mitatu na nusu jela kwa uchache, kwa sababu New Jersey haiitambui leseni ya jimbo lolote jengine. Alinusurika kwa kuwa kesi ilipigiwa kelele nchi nzima na gavana Chris Christie akamsamehe 2015. Alikuwa raia yule. Wewe nani atakupigia kelele?

Utasikia watu wanataja sheria ya 1986 inayomlinda msafiri anaepita jimbo gumu. Ipo kweli, inataka bunduki iwe haina risasi na wala bunduki wala risasi zisifikike kwa alieko kwenye viti, na kama gari haina buti ya kutengwa basi iwe kwenye kisanduku chenye kufuli, tena kidroo cha dashibodi wamekitaja kwamba hakihesabiki. Lakini inamlinda anaetoka pahala anaporuhusiwa kubeba na kwenda pahala anaporuhusiwa kubeba, na wewe mwisho wa safari yako ndo New Jersey yenyewe, hairuhusiwi kwako, basi sheria hiyo haikufai kitu. Nenda ukale pilau na bastola iache nyumbani.

Na mwisho kwako, ile sheli. Watu wawili washakutolea silaha, yako iko kwenye kisefu, isingekusaidia na ungeikimbilia wangekuua. Tia mafuta jioni kabla hujaingia kazini, kwenye sheli yenye taa na watu, funga milango ukiwa nje unajaza. Hilo lingekukinga usiku ule na leo pia litakukinga.

SUALI: Asalaam aleikum kaka. Mie mama wa Wete, inshaallah mwezi ujao mie na baba watoto tunakwenda Houston, Texas kumuona mwanetu, tumepata viza ya matembezi. Mwanangu kanieleza mumewe ana bastola anaitia ndani ya gari siku zote. Sasa wanataka baba awe anawapeleka wajukuu skuli kwa gari hiyo maana wao wanatoka alfajiri. Na mjukuu mkubwa wa miaka 16 anasema atampeleka babu yake kulenga shabaha wapige na picha. Mie moyo hautulii, je kuna ubaya?
Mama wa Wete

JIBU: Waaleikum salaam bi mkubwa. Moyo wako umekwambia kweli na nakuomba uusikilize.

Nyie mnaingia kwa viza ya matembezi, kwa hivyo ile sheria nilomweleza kijana hapo juu inakugusini moja kwa moja, hamruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Na "kuwa nayo" kisheria si lazima iwe yako au iwe mkononi. Mzee akiendesha gari, anajua bastola imo, na anaweza kuifikia, mwendesha mashtaka anaweza kusema alikuwa nayo. Mkwe wenu hana kosa lolote Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anaeruhusiwa kumiliki anabeba bila leseni, na garini mwake inatakiwa isionekane au iwe kwenye ala. Lakini ruhusa hiyo ni yake, haihamii kwa babu akikabidhiwa ufunguo. Siku ambayo baba anashika usukani bastola itoke garini kabisa iingie sefu ya nyumba, risasi nazo, na magazini ya akiba, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola, iliyosahauliwa mfukoni mwa mlango nayo itoke. Asitegemee kukumbuka asubuhi saa kumi na moja, aitoe usiku.

Tena hapo wanakwenda skuli! Zile futi 1000 ziko kule kule, na babu hana leseni ya jimbo wala hawezi kuipata.

Kuhusu wajukuu, Texas ina sheria inayomtia hatiani mtu mzima akiacha bunduki iliyo tayari kulia pahala ambapo mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuipata. Wa miaka 16 naye ni mtoto kwa sheria hiyo. Mwambie mwanao azungumze na mumewe kwa upole, mkwe anaheshimika na nyumba ni yake, lakini hili si la kuonea haya.

Kulenga shabaha babu asiende. Kulikuwa na kijana wa Imarati alikwenda Florida kwa viza ya masomo, chuo kikamtoa kwa sababu ya matokeo na ruhusa yake ya kukaa ikaisha, akaenda kwenye uwanja wa shabaha akakodi bunduki akapiga kama wanavopiga watu wote. Akashtakiwa, akahukumiwa miezi 18. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu na mwaka 2019 ikasema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua hali yake ya ukaazi, hukumu yake ikatenguliwa. Sawa, lakini babu anajua vizuri tu kwamba viza yake ni ya matembezi, imebandikwa kwenye paspoti yake. Na picha ndo mbaya zaidi, mjukuu ataitia kwenye simu, itazunguka, na siku mnaomba viza tena au mwanenu anakuombeeni grini kadi picha hiyo inaweza kutolewa mezani. Wajukuu wampeleke babu akavue samaki Galveston, ni karibu tu na bahari ipo.

SUALI: Kaka salama? Mie naendesha gari ya watalii, usiku nawatoa Nungwi kuwapeleka eapoti, njia ina kiza na nachukua pesa. Kaka yangu yuko Marekani anafungasha kurudi moja kwa moja, anasema bastola yake atanitilia ndani ya pipa la nguo nije niitie garini. Naogopa lakini naitamani pia. Ushauri wako.
Dereva, Kaskazini Unguja

JIBU: Usikubali, na mpigie leo hii leo kabla pipa halijafungwa.

Kule kutoa bunduki nje ya nchi bila kibali ni kosa la shirikisho, atakamatwa yeye. Hapa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na njia yake ni Jeshi la Polisi, ambalo ni la Muungano. Pipa likifika Malindi lina jina la mpokeaji, na mpokeaji ni wewe. Hata likipita, vizuizi vya polisi vya njia ya Nungwi unavijua kuliko mie, na watalii wako wakiona bastola kwenye gari hawatopanda tena na hoteli haitokuita.

Kiza cha njia ni cha kweli sikatai. Chukua malipo kwa simu au kupitia hoteli usiwe na noti garini, mtumie mwenzako location ya moja kwa moja kila ukitoka, wakati wa kurudi mtupu fuatana na dereva mwengine mpaka Mahonda. Ongea na wenzako muwe na utaratibu huo wote, kwani nyote mnatoka hoteli zile zile saa zile zile.

Kaka yako pipa atie nguo na viatu vya watoto, na bastola akaiuze kwenye duka lenye leseni kule kule kabla hajakata tiketi, apewe na risiti aitunze.